Ukungu na Sitara

Neno ukungu katika Kiswahili lina maana tatu ambazo mtu akizitazama kwa haraka hatauona undugu wake. Ya kwanza ni ule mvuke mweupe unaoshuka mabondeni na kuificha njia. Ya pili ni weupe hafifu wa mbingu kabla ya jua kuchomoza. Ya tatu ni ile koga inayoota juu ya mkate uliosahauliwa, juu ya ngozi ya kiatu kilichokaa uvunguni, na juu ya ukuta wa chumba kisichopata hewa. Washairi huzipenda mbili za mwanzo, na ya tatu humwachia mwenye ufagio. Hata hivyo lugha haikukosea ilipoziweka chini ya jina moja, kwani zote zahusu kitu chepesi kinachotanda juu ya kitu kizito na kuibadili sura yake. Na pale kitu kinapotanda na kufunika, huja swali kongwe katika maadili ya Waswahili: ni lini kufunika ni wema, na ni lini ni dhuluma? Swali hilo laweza kuulizwa mahakamani au msibani. Hapa litaulizwa mbele ya ukuta wa nyumba ya kupanga, katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania.

Mji wa Mbeya umekaa chini ya mlima Loleza, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa nayo iko juu ya kilima kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo, zaidi ya mita 1,500. Mvua huko huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kisha huja miezi mikavu yenye baridi, ambayo usiku wake huko Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Upande wa Rungwe, kuzunguka Tukuyu, mvua hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa ile maana ya kwanza hukaa juu ya chai na migomba kama mgeni asiyeaga. Msomaji wa visiwani, anayeijua kaskazi na fukuto lake la Februari, husikia habari hizo akadhani ni habari za pepo. Mtu alale bila feni, ajifunike blanketi mbili, na asubuhi aamke bila jasho: nini tena kitakachotakiwa?

Kitakachotakiwa ni ukuta mkavu. Ili kulielewa jambo hili hakuna haja ya kwenda mbali na meza ya nyumbani. Gilasi ya maji baridi ikiwekwa mezani Unguja saa saba za mchana, haichukui muda ikatoka jasho. Jasho hilo halitoki ndani ya gilasi, kwani kioo hakivuji, linatoka hewani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi wa maji, na inapogusa kitu baridi hushindwa kuubeba wote, ikautua pale ilipogusa. Basi ukuta wa nyumba ya Mbeya mwezi wa Juni ndio gilasi hiyo. Ndani mna watu wanaopumua, sufuria inayochemka, maji ya kuoga yaliyopashwa moto, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya ukumbini kwa kuwa nje hazikauki. Madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi, na pengine mianya ya juu imezibwa kwa matambara. Usiku bati hupoa kwanza, kisha kona za ukuta wa nje, kisha ule upande uliositiriwa na kabati. Mvuke wote uliozaliwa humo ndani hutafuta mahali pa baridi pa kutua, nao hukuta hapo. Na ukuta wenyewe mara nyingi hauingii katika miezi ya baridi ukiwa mkavu. Matofali ya kuchoma, ambayo ndiyo yamejenga sehemu kubwa ya miji hii, hunywa maji ya ardhini pale fundi alipouinua ukuta bila kuweka kizuizi juu ya msingi. Masika huyajaza maji, na Juni huwafanya wenyewe wafunge madirisha kabla hayajakauka.

Baada ya hapo ukungu hauhitaji mwaliko. Mbegu zake, ambazo ni ndogo kuliko vumbi la unga, zimo katika hewa ya kila nyumba duniani, ya tajiri na ya fukara, ya mfagizi na ya mvivu. Chakula chake ni kidogo: gundi iliyomo katika rangi, karatasi, mbao, ngozi, vumbi tu. Kinachokosekana ni maji, na yakipatikana kwa siku kadhaa mfululizo, doa la kijivu au jeusi hutokea.

Asijione mtu wa pwani kuwa ameepukana na habari hii, kwani yeye ameinunua baridi ile ile kwa fedha. Mashine ya kwanza ya kisasa ya kupooza hewa ilibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, na haikubuniwa kwa ajili ya starehe ya binadamu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa uliifanya karatasi itanuke na kusinyaa hata rangi zikakosa kukutana mahali pake. Carrier aliipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili itue maji yake, kama ilivyo kwa gilasi. Kiyoyozi cha leo hufanya vivyo hivyo: hukamua maji kutoka hewani, yakadondoka katika trei na kutoka nje kwa mpira. Mpira ukiziba, au kichujio kikijaa vumbi, ndani ya kiyoyozi huwa mna giza, maji na chakula, na kila kinapowashwa huwapulizia waliolala kile kilichoota humo. Harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, inayosikika dakika za mwanzo, ndiyo salamu yake. Jokofu nalo lina siri hiyo hiyo katika mpira wa mlango na katika trei ya nyuma. Na likizimwa huku limefungwa huota koga kwa siku chache. Kisiwa cha Unguja kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia inayopita chini ya bahari, wengi walijifunza kuliacha jokofu wazi. Baridi ya kupewa na baridi ya kununua zina sheria moja: palipo na ubaridi, maji hutua, na maji yasipoondolewa, ukungu huja.

Kuhusu madhara, yafaa kusema kile kinachojulikana, bila kukipunguza wala kukikuza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu ndani ya majengo. Baada ya kupitia tafiti nyingi, lilieleza kuwa wakaazi wa nyumba zenye unyevu au ukungu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kikohozi, kubanwa kifua, maambukizo ya njia ya hewa, na kuzidiwa na pumu kwa wale wenye pumu. Mwongozo huo haukuweka kipimo cha ukungu kinachoweza kuitwa salama, kwani uhusiano uliopo haukuweza kupimwa kwa usahihi wa namna hiyo. Ulichosisitiza ni kuuzuia unyevu wenyewe. Watu hawaumii sawasawa. Baba atokaye alfajiri na kurudi usiku aweza kuishi miaka kumi katika nyumba hiyo asipige hata chafya moja. Mtoto mchanga, mzee, na mwenye pumu, ambao ndio wakaao ndani muda mrefu, hulipa kwa niaba yake. Hapo ndipo jambo la maji na ukuta linapogeuka kuwa la haki baina ya watu: mwenye uwezo wa kuamua juu ya nyumba mara nyingi siye anayeihisi.

Na uchukuliwe mfano, usio wa mtu fulani bali wa wengi. Mwalimu wa sekondari amehamishiwa Mbeya kutoka pwani. Amefika Januari pamoja na mkewe na watoto wawili, akapanga nyumba ya vyumba vitatu. Mwenye nyumba ni mama mjane, aliyebaki na nyumba hiyo na shamba dogo la viazi. Nyumba inang'aa, imepakwa rangi wiki mbili kabla, na harufu ya rangi imeimeza harufu nyingine yoyote. Kufika Aprili, doa limetokea katika kona ya chumba cha watoto. Kufika Juni limekuwa ramani. Mwalimu anamwendea mama kwa adabu, anamwamkia, anaeleza. Mama anamjibu kwa upole:

"Mwalimu, hiyo ni baridi ya huku tu. Mtaizoea."

Jibu hilo si uongo mtupu, kwani baridi imo. Lakini mama anajua pia kwamba mpangaji aliyetangulia alilalamika, na aliyemtangulia huyo alilalamika, na kwamba kila baada ya mmoja kuondoka kopo moja la rangi limenunuliwa. Kukarabati msingi na kuinua paa ni fedha za mazao ya misimu miwili. Kopo la rangi ni fedha za wiki moja.

Laiti kisa kingeishia hapo, hukumu ingekuwa nyepesi. Lakini Julai mama mkwe wa mwalimu anakuja kuwatazama wajukuu. Siku moja kabla ya kufika kwake, mume na mke wanalisukuma kabati la nguo mpaka kwenye kona ile, likaifunika ramani yote. Mgeni asije akasema binti yake ameolewa na kuletwa katika nyumba mbovu. Nyuma ya kabati hewa haipiti tena, ukuta unazidi kupoa, na ukungu unapata mahali pa faragha pa kuzaana. Mtoto mdogo, ambaye kitanda chake kimesogezwa karibu na kabati kwa kukosa nafasi, amekuwa akikohoa tangu Mei. Jirani anapouliza, mama yake hujibu, "Mafua tu, dada," kwa kuwa kikohozi kirefu kina majina yanayoogopwa mtaani, na hataki mwanawe abebeshwe mojawapo. Hata zahanati amechelewa kwenda. Mjane amefunika kwa rangi, mwalimu amefunika kwa kabati, na mama mtoto amefunika kwa neno. Kila mmoja wao, akiulizwa kwa nini, atajibu kwa neno moja ambalo ni miongoni mwa maneno matukufu ya lugha hii: sitara.

Sitara ni nguzo. Jamii isiyositiri haiwezi kukaa pamoja mtaa mmoja, seuze nyumba moja. Mtu akijikwaa, mwenziwe humfunika. Mwenye njaa hualikwa kama aliyepita tu kwa bahati. Maiti huoshwa na mikono michache, na kilichoonekana hakisemwi. Anayeanika aibu za watu hana heshima hata kama asemayo ni kweli. Kwa hiyo mtu akisema kuwa mjane na mwalimu wamekosa kwa kuwa tu wamefunika, atakuwa ameuvunja msingi mzima ili aliondoe doa moja.

Lakini lugha yenyewe inatoa njia. Neno aibu, ambalo kwa Waswahili lina maana ya fedheha, katika Kiarabu lilikotoka lina pia maana ya kasoro iliyomo katika kitu. Na wanazuoni wa sheria ya biashara walilitumia hasa kwa maana hiyo: mwenye kuuza kitu chenye aibu ameamrishwa kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kukirudisha. Wanazuoni wale wale waliohimiza kusitiri aibu ya mtu ndio waliokataza kusitiri aibu ya bidhaa. Hawakujipinga. Aibu ya mtu, ikifunikwa, humpa nafasi ya kujirekebisha. Aibu ya kitu, ikifunikwa, humhamishia mtu mwingine hasara bila ridhaa yake. Katika ile ya kwanza anayefunikwa ndiye anayefaidika. Katika ya pili anayefaidika ni anayefunika, na anayelipa hajui kuwa analipa.

Kwa kipimo hicho ukuta haustahiki sitara. Doa lake si dhambi ya mtu wala siri ya ukoo. Ni habari, na anayeihitaji zaidi ni yule alalaye karibu nalo. Hewa iliyomo chumbani haina mwenyewe. Haiwezekani kuigawa ikawa hii ya mwenye nyumba na hii ya mpangaji, hii ya mkubwa na hii ya mdogo. Jambo lisilogawanyika namna hiyo haliwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Wahenga waliliona pande zote mbili. Walisema, "Mficha uchi hazai," na wakasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Hawakuitukana sitara, waliiwekea mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai.

Mpaka huo ulipopuuzwa katika nchi tajiri, matokeo yake yaliandikwa mahakamani. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale karibu na Manchester, Uingereza, alifariki Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, mwana wa wazazi waliotoka Sudan. Nyumba yao ilikuwa ya shirika la makaazi ya umma, nayo ilijaa ukungu jikoni na bafuni. Baba aliripoti mara ya kwanza mwaka 2017, akaambiwa aupake rangi. Uchunguzi wa kifo uliokamilika Novemba 2022 ulithibitisha kuwa mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuvuta hewa yenye ukungu kwa muda mrefu. Ilibainika pia kuwa watumishi wa shirika waliudhania ukungu huo kuwa umetokana na mila za familia, upishi wao na uogaji wao. Baadaye shirika lilikiri kuwa dhana hizo zilikuwa kosa. Kutokana na kifo hicho sheria ilipitishwa mwaka 2023, na kanuni zake, zinazoitwa kwa jina la mtoto huyo, zilianza kutumika Oktoba 2025: wenye nyumba za umma wana saa 24 kushughulikia hatari ya dharura, na siku 10 za kazi kuichunguza hatari kubwa ya unyevu na ukungu.

Mambo mawili katika kisa hicho yanamrudisha msomaji Mbeya. La kwanza ni ile amri ya kupaka rangi, ambayo ni ile ile ya mjane, ijapokuwa shirika halikuwa na udhuru wa umaskini. La pili ni wepesi wa kumlaumu anayeugua. "Mtaizoea" na "ni mila zenu" ni kauli ndugu: zote humwambia mpangaji kuwa tatizo limo ndani yake. Ni kweli kuwa kuchemsha, kuoga na kuanika nguo ndani huongeza mvuke, na familia ina wajibu wa kufungua dirisha. Lakini nyumba isiyovumilia watu kupumua, kupika na kuoga bado haijafaa kuitwa nyumba.

Kuna pingamizi la haki hapa. Litasemwa: maadili haya ni ya wenye fedha. Mjane akisema kweli, chumba kitakaa kitupu. Chumba kikikaa kitupu, wanawe hawaendi shule. Ukweli wake utamwadhibu yeye, ilhali wenzake wenye kunyamaza watapata wapangaji. Pingamizi hili haliondoki kwa kukemea. Ila linachanganya wajibu mbili zenye gharama mbalimbali. Kutengeneza ni ghali. Kusema si ghali vile. Mwenye kusema, "Kona hii hushika maji masika, msiweke kitanda hapa, na kodi nitaipunguza hadi nitakapoitengeneza," amepoteza sehemu ya kodi na amemwokoa mtoto asilale penye ubaya. Mpangaji mwenye taarifa aweza kuchagua, kujadiliana, hata kusaidia. Aliyefichwa hana analoweza ila kuugua na kushangaa. Umaskini waweza kumsamehe mtu kwa kutojenga upya. Ni vigumu uonekane vipi utamsamehe kwa kumwacha mwenziwe gizani.

Pingamizi jingine ni la wapenda mambo ya kale: kwamba nyumba za wazee hazikuwa na balaa hili. Ukweli umo, nao wapaswa kuangaliwa vyema. Wahehe walijenga tembe, nyumba za udongo zenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, na ndani moto haukuzimika. Wanyakyusa wa Rungwe walijulikana kwa nyumba zao safi za mianzi, ambazo kuta zake zilipitisha upepo. Udongo hunywa unyevu na kuuachia polepole. Mianzi haiuzuii kabisa. Na moshi wa mekoni ulikausha paa. Lakini moshi ule ule uliwakausha mapafu mama na watoto waliouvuta maisha yao yote. Wazee hawakuwa na nyumba isiyo na madhara. Walikuwa na nyumba ambayo madhara yake yalionekana, yakauma macho, yakamlazimisha mtu afungue mlango. Nyumba ya saruji, bati na rangi ya mafuta ina ustadi wa kunyamaza ambao tembe haikuwa nao. Ndiyo maana mtu wa leo hujifungia na jiko la mkaa ili apate joto, na hewa ya sumu isiyo na harufu ikamuua usingizini, jambo linalotokea katika miji ya baridi kila inaporudi kipupwe. Kadiri nyumba inavyozidi kuficha, ndivyo wakaao ndani wanavyozidi kuhitaji kuambiana kweli.

Tabia hiyo ya kuficha haiishii ukutani. Iringa ni ghala la mahindi, na mahindi yakiingia kihengeni kabla ya kukauka huota ukungu kama kuta. Mahindi yenye koga yakiwa punje, mwenye macho atayatenga; yakisagwa pamoja na mema, unga unakuwa mweupe sawasawa. Kinu kimefanya kazi ya kopo la rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia kwa mwaka mmoja watoto 166, waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14 ulipoanza, katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Waliokuwa wamedumaa walikuwa asilimia 44 mwanzoni na asilimia 56 mwishoni; na wale walioonekana kula zaidi sumukuvu iitwayo fumonisini ndio waliokuwa wafupi zaidi kwa umri wao. Uhusiano wa namna hiyo na aflatoksini haukuthibitika katika utafiti ule, na sababu za kudumaa ni nyingi. Hata hivyo takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilipoonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, katika mkoa ambao chakula hakipungui, swali la kilichomo ndani ya chakula hicho halikuweza kukwepwa. Mama anayeutenga ungo wa punje mbovu na kuutupa, huku akijua ni kibaba kizima, anafanya kile ambacho mwalimu hakukifanya alipolisukuma kabati. Ameukubali upotevu unaoonekana ili kuukimbia usioonekana.

Wala ukungu wenyewe usibebeshwe lawama. Una jamaa zake katika hamira ya mkate na katika chachu inayougeuza utomvu wa mianzi kuwa ulanzi, kinywaji cha Iringa. Jamaa mwingine ndiye aliyeota katika kisahani cha Alexander Fleming huko London mwaka 1928, akaupa ulimwengu penisilini, ambayo imeyaokoa mapafu mengi kuliko yale yaliyoharibiwa na kuta. Kiumbe hiki hufanya kazi moja popote kilipo, kula kilichoachwa katika maji. Hakijui hila. Hila imo katika rangi juu yake, kabati mbele yake na neno linalokipamba. Kwa sababu hiyo doa la ukuta lafaa lionwe kama shahidi: limekuja kusema kuwa hapa pana maji, na hapa pana watu waliofungiwa pamoja nayo.

Shahidi akisikilizwa, kazi inayofuata si ya kutisha. Maji huondolewa kwanza, kwani bila hivyo kila usafi ni wa wiki moja: paa linalovuja huzibwa, mfereji wa mvua huelekezwa mbali na msingi, trei na kichujio cha kiyoyozi husafishwa. Kabati husogezwa shibiri moja kutoka ukutani. Sufuria hufunikwa, nguo huanikwa nje jua linapopatikana, na dirisha hufunguliwa asubuhi hata kama baridi itaingia, kwani hewa ya nje ya Juni ni kavu na hutoka na unyevu wa usiku. Doa dogo huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, mtu akiwa amefunika pua. Rangi huja mwisho, juu ya ukuta mkavu, kama pambo na si kama pazia. Na mtoto anayekohoa hupelekwa kwa mganga, na mganga huambiwa habari za chumba anacholala.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, wakamwambia mgeni afungue aingie ndani. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni asidanganyike na sura ya nje. Yaweza pia kusikika kama wito kwa mwenyeji, kwamba afungue. Siku mama mkwe atakapokuja tena, pengine atalikuta kabati limesogezwa, kona imekwanguliwa lipu, tofali liko wazi linakauka, na kitanda cha mjukuu kimehamia upande wa dirisha. Ni chumba kibaya kukitazama. Mwalimu atamweleza bila kuinamisha kichwa, na mama mwenye nyumba atakuwa amepita asubuhi hiyo kumtazama fundi. Nje, juu ya Loleza, ule weupe wa maana ya pili utakuwa unaondoka. Mgeni ataketi, atamsikiliza mtoto anavyohema usingizini, na hatauliza habari za ukuta.